Uso wa Ples Mobley

Mtu mweusi akifa Wilcott, mji wetu wa Florida, alikuwa anapita mikononi mwa Alvernia Mobley hata kama enzi za uhai wake walikuwa hawasalimiani. Wala hakuchagua. Walevi, mashemasi, wanawake waliogombana naye kwenye kwaya, wote aliwalaza kwenye meza ileile ya chumba cha nyuma katika nyumba ya mazishi ya Fulmer. Aliwachana nywele, akawapaka poda, akaziba tundu la risasi kwa nta pale ilipobidi, mpaka wakafanana na wenyewe. Kwetu mtu hazikwi mpaka aonwe. Jeneza linafunguliwa, familia inapita mmoja mmoja, na wale walioshindwa kufika, kabla hata ya kuuliza mchungaji alihubiri nini, watakuuliza: "Walimtengeneza vizuri? Alifanana na yeye?" Ukijibu kwamba alikuwa kama amelala tu, watu wanashusha pumzi. Ukisita, msiba unaanza upya.

Alikuwa na ulimi, Alvernia. Siku moja Fulmer mwenyewe, mwenye nyumba, alimletea poda nyeupenyeupe akidai ndiyo inayopendwa sasa hivi Jacksonville. Alvernia aliitazama, akamtazama na yeye. "Huyu mama hakuwa na rangi hiyo hata siku moja. Unataka watoto wake wamlilie mgeni?" Fulmer akaondoka na kopo lake, na tangu siku hiyo akawa anabisha hodi kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe. Mume Alvernia aliwahi kuwa naye, mhudumu wa treni, akaenda Philadelphia kutafuta nyumba ya kupanga kisha amwite. Nadhani mpaka leo bado anaitafuta. Hawakupata mtoto. Alibaki na mdogo wake Ozella na maiti za watu, na akisema kweli alikuwa haoni ubaya wake.

Kilichomuuma kilikuwa kimoja, na kilianza kabla hajaota meno ya pili. Hakuujua uso wa baba yake.

Ples Mobley alikuwa akigema utomvu wa misonobari kwenye kambi ng'ambo ya mto. Kambi ile mtu aliingia kwa miguu yake na kutoka kwa ruhusa ya msimamizi, na ruhusa haikutoka. Miaka ile sinema zilikuwa zinatengenezwa Jacksonville, kabla hazijahamia zote California, na siku moja watu wa sinema walikuja kambini na mashine yao ya miguu mitatu wakitaka weusi wa kusimama nyuma ya waigizaji. Ples alichaguliwa. Majira ya baridi yaliyofuata alijaribu kutoroka na mkewe Leatha, mwenye mimba ya Ozella, na Alvernia akiwa mgongoni. Mama na mtoto walivuka mto. Ples alirudi nyuma kuwapotosha mbwa wa kambi waliokuwa wakiwafuata, na hiyo ikawa ndiyo basi. Mto haukumrudisha. Hakukuwa na jeneza, hakukuwa na wa kumwona, na picha hawakuwa nayo hata ya kipande. Alvernia alikuwa na miaka sita, na kichwani mwake baba alikuwa ni shati, harufu ya utomvu na sauti ya kukohoa. Pale juu ya kola palikuwa hapana kitu.

Sinema yenyewe ilifika Wilcott wakati wa machipuko. Ilikuwa ni sinema ya mweusi mwizi, mbwa wa kumkimbiza na binti wa kizungu wa kuokolewa. Wazungu walicheka, wakalia, wakatoka pale damu zimewachemka, na kabla ya Jumapili nyumba mbili za kwetu zilikuwa majivu. Leatha alikwenda kuitazama. Alipanda ngazi za nje hadi roshani ya weusi, mjane mwenye kitoto kichanga kifuani, akakaa mpaka mwisho. Alvernia aliikumbuka jioni ile vizuri. Mama aliingia bila kuvua kofia, akachukua kitambaa, akakichovya kwenye mafuta ya nguruwe, akamsugua Alvernia usoni, na yeye alikuwa ameshaoga. Alimsugua mpaka ngozi ikawasha. Kisha akasema, "Nimemwona baba yenu. Yuko mbele kabisa, amevua kofia, anacheka. Anapendeza."

Hakuongeza neno mpaka anaingia kaburini. Na maneno yale mafupi ndiyo Alvernia na Ozella walilelewa nayo. Wengine wana picha ukutani, wao walikuwa na sentensi ya mama.

Sasa mwaka themanini na nane, Alvernia akiwa na miaka sabini na tatu na bado anashika kitana, mafundi waliokuwa wakibomoa ukumbi wa zamani wa sinema wakaukuta mkanda wa ile sinema darini. Makumbusho ya mji, ambayo yako kwenye stesheni ya treni isiyotumika tena, yakautengenezea nakala na kutangaza kuuonyesha, na maelezo ya historia juu yake. Mji ukachafuka. Watu wa kwetu walisema moto ule hauna haja ya kupulizwa tena, na hawakukosea. Mchungaji Gaskin alikuwa mbele yao. Nyumba moja kati ya zile zilizoungua ilikuwa ya babu yake.

Alikuja kwa Alvernia siku ya Jumatano akiwa na tai na uso wa kazi.

"Dada Vernia, tukisimama Jumamosi mlangoni kwao, wote, watarudi nyuma. Nataka usimame na mimi mstari wa mbele. Watu wanakusikiliza wewe kuliko mimi."

"Kaa kwanza. Nikukatie pai?"

"Nimeshiba."

"Hujashiba, una hasira. Kaa."

Mchungaji akakaa. Pai ya viazi vitamu ikaja, akaila, maana pai ya Alvernia haikataliwi hata na mwenye hasira.

"Ile takataka ilimchoma babu yangu," alisema.

"Najua. Na humohumo kwenye takataka ndimo alimo baba yangu."

"Utamwona akifanywa kichekesho mbele ya wajukuu wa waliomuua."

"Mchungaji, mimi nimemtengeneza mtoto aliyepitiwa na treni. Mama yake alimbusu kwenye paji la uso akanishukuru. Usinifundishe mimi kutazama."

"Sikufundishi. Nakuonea huruma."

"Basi nionee huruma ukiwa huko nje na bango lako. Fanya ulichoitiwa. Mimi nitakuwa ndani. Nimengoja kumwona mtu huyu tangu nina mapengo, na sitarudi kwa Ozella kumwambia kwamba mchungaji alinizuia."

Gaskin alikunja kitambaa cha mezani, akakikunjua. Hakuwa mtu mbaya. Aliaga, na pale mlangoni akasema atamwombea, na Alvernia akamjibu kwamba afanye haraka, Jumamosi imekaribia.

Maneno yakazagaa kabla sahani haijakauka. Vernia yuko upande wa wazungu. Kuna mwanamke mmoja, simtaji, Alvernia alimzikia mama yake na kumsuka nywele bure, aliyempigia simu kumwambia, "Unatuuza, na hata bei hujui." Alvernia alikata simu.

Huko makumbusho nako walianza kulegea. Msimamizi wake, Bi Pruett, alikuwa mzungu kijana kutoka Ohio, mwenye miwani na nia njema, na mkutano mmoja na wakubwa wake ulimtosha kuingiwa na baridi. Alvernia aliposikia kwamba wanafikiria kuahirisha, alivaa kofia yake ya kanisani akaenda.

"Bi Mobley, watu wako wenyewe hawaitaki," alisema Bi Pruett. "Na mimi nikiwaza, naona wana haki."

"Wana haki kabisa. Lakini aliyeufukua mwili ni wewe. Huwezi kuufukua halafu ukaufukia kabla familia haijaona."

Bi Pruett alivua miwani. "Kuna jambo inabidi nikuambie. Mimi nimeshaitazama. Wale wanaume wa kambini, jinsi walivyo..."

"Hapana." Alvernia aliinua kiganja. "Usinisimulie."

"Ni muhimu uje unajua."

"Mwanangu, kwetu maiti hasimuliwi kabla ndugu zake hawajamwona. Ni kumkosea yeye na kuwakosea wao. Nimewafukuza watu mlangoni kwa kosa hilo. Nitamwona mwenyewe kwa macho yangu. Niambie tu, picha unaweza kuisimamisha?"

"Kidogo sana. Taa inaunguza mkanda. Lakini naweza kuurudisha nyuma."

"Basi nikisema, utarudisha."

Bi Pruett akavaa miwani yake tena. Kusema kweli alitakiwa kusema, lakini mbele ya kofia ile na kiganja kile, wangapi wangethubutu?

Jumamosi baada ya chakula cha mchana Alvernia alivaa nyeupe. Alikuwa amewaambia akina mama wahudumu wa kanisa kwamba kwake hii si sinema, ni kumuaga marehemu, na anayetaka kuja aje kama tunavyokwenda kwenye jeneza. Hakulazimisha mtu. Ozella alikuwa amelala kwenye kitanda chake kando ya dirisha, nusu ya mwili ikiwa imekufa kwa kiharusi, mdomo ukiwa mzima kabisa.

"Umependeza," Ozella alisema. "Utamtisha marehemu."

"Nyamaza wewe."

"Vernia. Mwangalie masikio. Mama hayakuwa yake haya, na wewe huna. Nataka kujua nimeyatoa wapi."

"Nitayaangalia."

"Na pua. Na ukirudi usinipe hadithi fupi kama mama. Wewe umemjua hata kidogo, umebebwa. Mimi sina hata kikohozi chake."

Alvernia aliinama akambusu, akamwachia redio na glasi ya chai ya barafu, akatoka haraka.

Nje ya stesheni kulikuwa na watu na mabango, na jua la Florida lilikuwa halina utani. Hawakumzomea. Ingekuwa afadhali wangemzomea, maana walinyamaza, wakampa njia, na wengine wakatazama viatu. Mchungaji Gaskin aliweka bango lake chini, akamfungulia mlango, akavua kofia. "Nenda salama, Dada," alisema. Alvernia akamwitikia kwa kichwa.

Ndani, safu ya mbele, wahudumu walikuwa wamefika. Si wote, lakini wa kutosha kujaza benchi, wamevaa gauni nyeupe na glovu nyeupe, mikononi wameshika pepeo za karatasi zenye tangazo la Fulmer. Nyuma yao walikaa wazungu wa mji, wazee kwa vijana, wamekaa wima kama walioitwa mahakamani. Bi Pruett alisema maneno machache kuhusu historia na maumivu. Sauti ilikuwa inamkatika. Taa zikazimwa.

Alvernia alikuwa amejiandaa, msidhani alikuwa mtoto. Alijua kwamba waigizaji wakubwa wa weusi katika sinema zile ni wazungu waliojipaka masizi ya vizibo vilivyochomwa, midomo wakaizungushia rangi nyeupe kama bakuli. Aliwatazama wakirukaruka na kuiba kuku, akapepea pepeo yake bila kubadili mwendo. Mbwa walipomkamata yule mwizi suruali, mzee mmoja wa kizungu kule nyuma akacheka. Hakukusudia, nadhani. Kilimtoka tu, kicheko cha zamani kilichokuwa kimejificha mwilini, na mkewe akamfinya. Wahudumu wote waliacha kupepea. Kisha wakaendelea.

Halafu ikaja kambi. Misonobari yenye majeraha ya kugemwa, vibanda, moshi. Alvernia aliijua miti ile kabla ya kitu kingine chochote, akasogea mbele kwenye kiti. Wanaume wakaingia kutoka kulia, wengi, wakajipanga wakiitazama mashine, na mashine ikawasogelea.

Walikuwa wamepakwa wote.

Weusi wenyewe, watu wa kambini, wenye rangi zao walizopewa na mama zao, wa kahawia, wa maji ya kunde, weusi tii, wamepakwa masizi yaleyale tabaka nene, midomo imechorwa ileile bakuli nyeupe, kofia za majani zilizochanika zimevutwa hadi kwenye nyusi na kufunika masikio. Weusi wao haukuwatosha waliotengeneza ile sinema. Safu nzima ilikuwa ni uso mmoja uliorudiwa. Wakaambiwa wacheke, nadhani, maana wote walifungua vinywa kwa pamoja. Kisha wakakimbia, wakatoka.

"Rudisha," Alvernia alisema.

Mkanda ukarudishwa. Wanaume wakakimbia kinyumenyume, wakasimama, wakafumba vinywa. Alitafuta wa mbele kabisa aliyevua kofia. Hakuna aliyevua kofia. Alitafuta masikio. Alitafuta anayekohoa, na hapo akajicheka mwenyewe moyoni kwa uchungu, maana picha ile haikuwa na sauti.

"Rudisha."

Safari hii aliinuka. Alitembea hadi kwenye kitambaa cha kuonyeshea picha, mwanamke mrefu aliyevaa nyeupe, na picha ikamwangukia mgongoni. Akasogea pembeni. Bi Pruett alisimamisha mkanda bila kuambiwa. Safu ile ilikuwa mbele yake, kila uso mkubwa kama sahani, na miaka yake yote ya kazi ikamfanya aone kila kitu: hapa masizi yamepakwa kwa vidole, hapa kwa kitambaa, huyu jasho limeanza kumtiririka shingoni. Alikuwa na krimu nyumbani ya kuondolea vitu vile. Ilikuwa kwenye mkoba wa kazi, kopo zima, na pamba. Mkono wake ulipanda wenyewe, kidole kikagusa shavu la mmoja wao, kikazunguka polepole kama kinavyozunguka pamba. Kitambaa kilitikisika, na nyuso zote zikatikisika nacho.

Hakumjua. Angeweza kuwa huyu au yule au yule wa mwisho aliyekatwa na ukingo. Alisimama mbele ya baba yake na hakumjua, na hakuna aibu aliyowahi kuionja inayofanana na hiyo.

"Bi Mobley," Bi Pruett aliita kwa sauti ndogo, "inaungua."

Kweli, doa la kahawia lilikuwa limeanza katikati ya safu, linapanuka. Kwetu jeneza halifungwi mpaka mkubwa wa familia atamke. Alvernia aligeuka. Wahudumu walikuwa wameshasimama wote, glovu zimekunjwa vifuani.

"Funga," alisema.

Hakukaa kusikiliza maelezo ya historia. Nje, Mchungaji Gaskin alimwona anavyotoka, akaanza kumfuata, akaghairi. Yule mwanamke wa simu alikuwepo. Akafungua mdomo kutaka kusema pole au nilikuambia, sijui lipi, na Alvernia akampita.

Nyumbani alienda moja kwa moja jikoni. Alisimama kwenye sinki na kofia yake kichwani, na hapo ndipo yalipompata. Mama alikuwa amekaa kule roshani, kichanga kifuani, akatafuta kama yeye alivyotafuta. Na mama alikuwa mkewe. Alilala naye, alimjua gizani. Pengine alimtambua hata chini ya masizi, pengine hakumtambua, na Alvernia hakujua lipi kati ya hayo mawili ni baya zaidi. Ndiyo maana alirudi akachukua mafuta ya nguruwe, yanayotoa masizi, na kumsugua mtoto msafi. Na ile kofia baba aliyoivua, na kule kucheka mbele kabisa, mama aliyatunga njiani, kwa miguu, kati ya ngazi za roshani na mlango wa nyumba. Alvernia alilia akiwa amefungulia maji ili asisikike. Alimlilia mama kuliko baba.

"Vernia?" Ozella aliita kutoka chumbani. "Ni wewe au ni mwizi?"

"Ni mimi."

"Sasa mbona umeganda huko? Njoo."

Alijifuta, akaingia. Ozella alikuwa amejivuta kwa mkono wake mmoja mzima mpaka akakaa nusu, nywele zimesimama upande mmoja, redio ameizima.

"Ulimwona?"

Alvernia aliketi ukingoni mwa kitanda. Alianza kuzilaza zile nywele kwa kiganja, kama alivyowafanyia watu wote wa mji ule.

"Nilimwona."

"Alifanana na yeye?"

"Kabisa. Yuko mbele, amevua kofia."

"Kama alivyosema mama."

"Kama alivyosema mama. Anacheka."

Ozella alifumba macho. Machozi yalimtoka kwenye jicho moja tu, lile lililobaki na nguvu. "Na masikio?"

"Yako," Alvernia alisema. "Na pua. Uso wote ni wako, Ozella. Nilidhani ni wewe umevaa suruali."

Ozella alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi anyweshwe chai. Alipotulia alijipapasa sikio kwa vidole, kisha akasema, "Niletee kioo."

Alvernia alienda kukitoa kwenye mkoba wa kazi, kilekile alichokuwa akikitumia kwa Fulmer, akarudi akamshikia. Ozella alijitazama kwa makini, akageuza shingo kulia, akageuza kushoto kadiri ilivyokubali.

"Kumbe ndiye huyu," alisema.

Alitaka kuendelea kumtazama, na Alvernia aliendelea kushika kioo mpaka mkono ukamfa ganzi, akabadilisha mkono.